Ubeti wa Tatu Uliokatwa

RISALA YA KWAYA YA WAKAZI WA BOROVAC KWA MHESHIMIWA NAIBU WAZIRI, SIKU YA UFUNGUZI WA TAMASHA LA SITA LA SAUTI YA MAJI

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri,
Mheshimiwa Meya wetu,
Padri wetu,
Mwakilishi wa kampuni ya mgodi, uliyekaa chini ya bango lako,
Wasanii mliotoka mji mkuu,
Wakazi wenzetu, mabibi na mabwana:

Ukaribisho

Mgeni rasmi, karibu Borovac. Tunakukaribisha kwa moyo mmoja, ingawa kwa subira pungufu kuliko tuliyokuwa nayo kwa waliokutangulia. Wewe ni mgeni rasmi wa nane katika miaka sita. Wale saba nao walipita mlango huo huo, wakamega mkate, wakauchovya kwenye chumvi, wakapangusa makombo kwenye tai, kisha wakakaa kwenye kiti hicho na kusema, "Sasa tuusikie ule wimbo." Tukawaimbia. Wakalia. Wakaondoka. Mwenzio wa mwaka juzi alilia mpaka akaazima leso ya Padri, na leso yenyewe hatujaiona tena.

Kabla hatujaendelea tunakuomba radhi kwa jambo moja. Kwenye folda nyekundu uliyopewa mlangoni kuna risala ya kurasa mbili. Siyo hii. Ile ameiandika afisa itifaki, baada ya kuturudishia ya kwetu mara mbili ikiwa imejaa wino mwekundu. Mara ya kwanza alisema changamoto ni nyingi mno na wageni watakuwa na njaa. Mara ya pili alitaka neno "matope" liondolewe, tuseme "hali ya mto". Mara ya tatu hatukumpelekea. Usimlaumu akitoa macho hivyo, maana naye ndiyo kwanza anaisikia.

Anayekusomea ni Bibi Stojna Grbić, wa sauti ya pili, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Hatukumchagua kwa uzuri wa sauti. Kila mwingine katika kwaya hii ana kazi anayoweza kufukuzwa, au ana mtoto mwenye kazi ya namna hiyo. Bibi Stojna ana pensheni na kuku tisa, na kuku hao hawako chini ya Wizara yako.

Tulikotoka, na wimbo ulikotoka

Kwaya hii ilianzishwa na wachimbaji, enzi za babu zetu, ili wasizeeke wakizungumzia mawe tu. Tunaimba harusini, mazishini, na kwenye sikukuu ya mtakatifu wa kila ukoo. Hapa, Mgeni rasmi, inabidi uielewe desturi yetu moja, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Borovac jambo zito haliongelewi, linaimbwa. Mtu akiwa amemkosea ndugu yake, huimba mezani mbele ya watu, na ndugu akijaza glasi yake, yamekwisha. Likishaimbwa limeshasemwa. Kulirudia kwa maneno makavu ni kumtukana aliyelisikia, kana kwamba unamwambia ana masikio ya mapambo. Mwaka wa mafuriko Bibi Stojna alimwimbia jirani yake kuhusu mpaka wa bustani. Kesho yake ua ulikuwa umesogezwa hatua tatu, na mpaka leo hakuna aliyelizungumzia suala hilo.

Kiongozi wetu ni Mwalimu Desanka Vukojević, anayefundisha muziki katika shule ya msingi. Alituomba tusimtaje kabisa katika risala hii. Tumemkatalia. Yuko pale pembeni, mwenye koti la bluu, anatazama viatu vyake.

Miaka saba iliyopita, mwezi kama huu wa Septemba, wakati kila ua unanuka pilipili nyekundu za kuchoma, Mwalimu Desanka aliteremka na ndoo kwenye mto Jelenka kuchota maji ya kuoshea pilipili zake, kama mama yake alivyofanya na bibi yake kabla ya hapo. Ndoo ikatoka na maji yenye rangi ile ile ya pilipili. Aliona aibu, alikuja kutuambia baadaye, kama mtu aliyemfumania mzazi wake akiwa hana nguo. Hakupiga kelele. Aliimwaga ndoo, akarudi shuleni, akawapa darasa la sita kazi ya nyumbani: kila mmoja auandikie mto mstari mmoja.

Alipata mistari ishirini na miwili. Akakaa jikoni na mistari hiyo siku tatu, pilipili zikimlegea kikapuni, akaishona ikawa beti tatu na kiitikio. Ubeti wa kwanza unauuliza mto umekwenda wapi. Wa pili unawataja samaki ambao watoto wale waliwajua kwa kusimuliwa tu. Wa tatu uliandikwa karibu wote na mwanafunzi mmoja ambaye hatutamtaja, kwa sababu baba yake ndiye anayeshika ufunguo wa bomba linalozungumziwa, la mgodi, linalomwaga matope mtoni. Ubeti huo unasema hivi, na leo tunausoma tu:

*Bomba la tatu, chini ya reli,*
*Alhamisi saa nane, kama si kweli*
*njooni na glasi, njooni mkinge,*
*na mkishakinga, basi mnywe.*

Mwaka ule Kaja Vitez alikuja kwenye arubaini ya bibi yake. Leo ni mwimbaji mashuhuri, lakini ni wa kwetu, tunamjua tangu magoti yake yakiwa na makovu ya baiskeli. Aliwasikia watoto wakiimba uwanjani, akalia kilio cha kweli, akaomba aupeleke wimbo mji mkuu. Mwalimu Desanka akavaa koti hilo la bluu, akapanda basi la alfajiri kwenda studio. Huko alimkuta mtayarishaji wa muziki aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Akamwambia wimbo ni mzuri sana, ujumbe ni mzito, vijana wataupenda, ila ubeti wa tatu utoke.

"Mwalimu wangu, hakuna atakayecheza bomba la tatu," alisema.

"Sikuliandika lichezwe," Mwalimu Desanka akamjibu. "Nililiandika lizibwe."

Mtayarishaji alicheka, akasema hilo nalo ni zuri, angelitumia mahali. Kaja alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Pale palipokuwa na ubeti wa tatu wakaweka "oo-oo-oo", sekunde ishirini na sita. Ndizo ambazo Mheshimiwa unazipenda zaidi, kwa maana tumeambiwa ndizo mlio wa simu yako.

Mafanikio

Mgeni rasmi, kwa utaratibu wa risala tunatakiwa hapa kujisifu, na hatutauvunja utaratibu.

Wimbo wetu ulishika nafasi ya kwanza nchi nzima kwa wiki kumi na moja. Unapigwa vituo vya mafuta, kwenye lifti, na harusini baada ya keki. Tumewaona kwa macho yetu watu wazima wakishikana mikono na kuucheza ubeti wa samaki waliokufa. Video yake ilipigwa kwenye mto mwingine, saa nne kwa gari kutoka hapa, kwa sababu wa kwetu haukutoka vizuri kwenye kamera. Ukiitazama kwa makini, Kaja anapoimba kwamba hakuna tena kilicho hai majini, nyuma yake samaki anaruka.

Tangu hapo hakuna mwanamuziki wa nchi hii asiye na wimbo wa mazingira. Mwaka jana kwenye jukwaa hili tulisikia wimbo wa nyuki, wimbo wa barafu, wimbo wa mti mmoja mpweke na wimbo wa hewa safi. Jenereta la kuwashia taa lilitema moshi mpaka yule wa hewa safi akakohoa katikati ya kiitikio, watu wakadhani ni sehemu ya wimbo wakampigia makofi. Asubuhi yake kwaya hii iliokota kando ya mto magunia sitini ya vikombe vya plastiki. Kila kikombe kilikuwa na kiitikio chetu upande mmoja na nembo ya mgodi upande wa pili.

Hatuwasemi wasanii wote. Mwaka wa kwanza zilifika shuleni barua za watoto wa miji mingine, wakiuliza huo mto uko wapi na wafanye nini. Wimbo ulikuwa umewaingia. Mwalimu Desanka alizijibu zote kwa mkono wake, na katika kila jibu alinakili ubeti wa tatu. Kwa hiyo tunajua kwamba wimbo unaweza kufanya kazi. Kinachotukera ni kwamba wakubwa mmeugeuza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Na leo unazindua sanamu ya shaba yenye umbo la kipaza sauti, ukingoni mwa Jelenka. Tunashukuru. Tulikuwa hatuna.

Changamoto

Changamoto ni moja. Afisa itifaki alikuwa na haki ya kulalamika kwamba ni nyingi, lakini zote zinatokana na hiyo moja.

Juu ya mji, kwenye bonde, mgodi una bwawa la kumwagia matope ya mawe yaliyosagwa. Limejaa. Kampuni imeomba kibali cha kupandisha ukuta wake, na ukuta ukipanda, matope yatapanda bonde mpaka kwenye chemchemi ya Studenac. Hayo ndiyo maji pekee safi yaliyobaki Borovac. Kila nyumba iliyo hapa ina madumu yake yanayokwenda Studenac na kurudi. Mkate ulioumega mlangoni umekandwa kwa maji hayo. Ungekandwa kwa maji ya mto, usingeumega, na sisi tusingekupa.

Sheria inasema kabla ya kibali wakazi wasikilizwe. Machi mwaka huu tuliitwa kwenye Ukumbi wa Utamaduni. Ajenda ya nne ilikuwa maoni ya wakazi. Mwenyekiti wa kikao akamwomba Mwalimu Desanka watoto waimbe kwanza, wasije wakachoka. Mwalimu akaona ni heri, na safari hiyo akawaimbisha beti zote tatu, pamoja na bomba. Ukumbi mzima ulilia. Mwakilishi wa kampuni alisimama akapiga makofi kuliko wote. Mlangoni walimpa Mwalimu karatasi ya mahudhurio aisaini kwa niaba ya kwaya, ili basi la watoto liidhinishwe. Akasaini huku mkono mwingine ukifunga zipu za makoti ya watoto. Kisha tukaambiwa chumba cha pili kuna mikate ya jibini.

Tulikula, Mgeni rasmi. Tulikuwa na amani kabisa. Tulishaimba, kwa hiyo tulishasema, na yeyote ambaye angerudi ukumbini kuyasema upya angetuaibisha. Tuliporudi na leso za karatasi mikononi, viti vilikuwa vimeshapangwa juu ya vingine na taa zimezimwa.

Mwezi Juni Mwalimu Desanka alikwenda ofisi ya wilaya kuuliza majibu yatatoka lini. Msajili wa wilaya, Bwana Živorad, ambaye leo amekaa safu ya pili, si mtu mbaya. Alimgeuzia muhtasari wa kikao ausome mwenyewe. Uliandikwa: *Wakazi walishiriki kwa wimbo. Hakuna pingamizi lililowasilishwa.* Chini yake kulikuwa na karatasi ya mahudhurio, na kichwa chake kilisomeka *Wawakilishi wa wakazi walioridhia*. Jina lilikuwa moja.

"Lakini tuliimba," Mwalimu Desanka akasema. "Tulitaja mpaka bomba. Tulitaja siku na saa."

"Mwalimu, mimi mwenyewe nililia," Bwana Živorad akamjibu. "Ila wimbo hauna namba ya usajili. Niuweke faili gani?"

Alirudi kwa miguu, kilomita tisa, akiwa amesahau kwamba kuna basi. Njia nzima alikuwa anaitazama ile sahihi kichwani mwake: D kubwa yenye mkia, ile ile anayoiweka kwenye ripoti za watoto. Chemchemi aliyonyweshwa na mama yake ingefukiwa, na chini ya karatasi ya kuifukia kungekuwa na jina lake.

Habari haikulala. Siku tatu baadaye, kwenye duka la mikate, mbele ya watu, mmoja wetu alimwambia, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetuuzia maji yetu kwa basi la kwenda na kurudi." Mwalimu Desanka aliweka mkate wake chini akatoka. Wiki sita hakuja mazoezini. Akawa anakwenda Studenac wakati wa jua kali la mchana, wakati hakuna mtu, asikutane na dumu la yeyote.

Aliyemwambia maneno hayo, Mgeni rasmi, ni huyu Bibi anayekusomea risala. Naye alikuwa mmoja wa wale waliokula mikate ya jibini, alikula miwili. Alikwenda kwa Mwalimu kumwomba msamaha, akataka kuimba kama desturi inavyosema. Mwalimu Desanka akasimama mlangoni akamwambia, "Usiniimbie, Bibi. Niambie." Bibi Stojna akamwambia kosa lake, kwa maneno makavu, kwa mara ya kwanza katika miaka sabini na minne. Anasema ilikuwa ngumu kuliko kuzaa. Ndipo tulipojifunza kusema, na ndiyo maana leo tunasema.

Maombi

Ombi la kwanza: usituombe kuimba. Ratiba uliyonayo inaonyesha kwamba baada ya risala kuna wimbo. Hakuna. Kwaya imejipanga mbele yako kwa mistari mitatu kama kawaida, na watoto wamechana nywele, lakini midomo yao itabaki imefungwa mpaka mambo mawili yafuatayo yaishe.

Ombi la pili: leo ni Alhamisi, na saa nane imekaribia. Utakapoteremka mtoni kuzindua sanamu utaukuta Jelenka ukiwa na nafuu, kwa kuwa bomba la tatu halitafunguliwa leo, kwa heshima yako. Tunakuomba uje kila Alhamisi. Ikishindikana, njoo Alhamisi moja bila kutangaza, na ulete glasi.

Ombi la tatu ndilo lililotuleta. Tangazo la mwisho la kibali lilibandikwa kwenye ubao wa manispaa siku thelathini zilizopita. Siku ya pili yake likafunikwa na bango la tamasha hili, lenye picha kubwa ya Kaja akiwa amefumba macho. Mwalimu Desanka ndiye aliyeliona, Jumatatu, kona ya bango ilipobanduka kwa mvua. Linasema mwisho wa kupokea pingamizi ni leo saa tisa alasiri. Ofisi ya wilaya leo imefungwa, kwa sababu watumishi wote wapo hapa wakikusubiri wewe. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, tangazo linasema kwamba pingamizi lililoandikwa na kusainiwa linaweza kukabidhiwa kwa mkono kwa msajili, au kwa kiongozi yeyote wa Wizara, popote alipo.

Mgeni rasmi, mpo nyote wawili. Bwana Živorad ana muhuri wa wilaya ndani ya mkoba wake. Ameuleta kwa ajili ya hati ya sanamu, na tunamfahamu, hatembei bila kidau cha wino.

Risala hii imeandikwa. Ina kurasa sita, na nyuma yake kuna sahihi mia tatu na kumi na mbili tulizozikusanya Jumanne na Jumatano, nyumba kwa nyumba, watu wakiwa na mikono myekundu ya pilipili. Ukurasa wa nne una alama ya kidole cha mtu aliyekataa kunawa kwanza, akihofu tusije tukaondoka. Ubeti wa tatu umo, kwa maneno makavu, wenye namba ya bomba, siku na saa. Kwa desturi, risala ikimalizika kusomwa, mgeni rasmi huinuka, huipokea kwa mikono miwili na kupigwa picha. Wale saba waliokutangulia waliinuka wakapokea risala za shukrani. Ukiinuka leo utakuwa umepokea pingamizi la wakazi wa Borovac dhidi ya kupandisha ukuta wa bwawa, mbele ya Meya, Padri, mwakilishi wa kampuni na kamera nne. Usipoinuka, kamera ni zile zile nne.

Kumalizia

Tunakuombea afya, safari njema, na kiu ya kawaida inayokatwa kwa maji ya kawaida. Mtakatifu mlinzi wa nyumba yako akupe watoto wenye kuimba na masikio ya kusikia wanachoimba. Akupe pia mkono mwepesi, kwa sababu sasa ni saa nane kasoro dakika tano.

Bibi Stojna anashuka jukwaani na karatasi hizi. Sahihi ya kwanza ni ile D kubwa yenye mkia. Mwalimu Desanka ameiweka juu kabisa, peke yake, baada ya kusoma kurasa zote sita mara mbili, na safari hii anajua amesaini nini.

Ni sisi,

KWAYA YA WAKAZI WA BOROVAC,
tuliosimama mbele yako, tukisubiri muhuri.